Kutafuta nyenzo za hisabati mtandaoni: mwongozo kwa walimu wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kabla ya kuwasha data, chukua karatasi uandike mambo mawili. La kwanza ni mada ndogo ya wiki hii, kama ilivyo kwenye mtaala. La pili ni kosa ambalo wanafunzi wako hulifanya katika mada hiyo. Hili la pili ndilo litakalokuokolea bando na usingizi. Nyenzo nyingi mtandaoni zimepangwa kwa mada, ilhali kinachomkwamisha mwanafunzi ni kosa moja mahususi.

Tuseme ni Gredi ya 7, kujumlisha sehemu. Mwanafunzi anapewa 1/2 + 1/3 anaandika 2/5: amejumlisha ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini. Ukitafuta "fractions grade 7" utamiminiwa kurasa za mazoezi. Mazoezi hayaondoi kosa hili, kwa sababu mwanafunzi atalirudia mara 20 kwa mkono mwepesi na kulizoea zaidi. Ukiandika "adding fractions misconception area model" unaletewa michoro ya mistatili iliyogawanywa sawasawa, na mara nyingi swali ambalo litamzindua: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, sasa umeongeza kitu vipi kikapungua? Swali hilo moja lina thamani kuliko karatasi tano za mazoezi.

Tafuta kwa Kiingereza, kwa kuwa hisabati inafundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4 na nyenzo zilizo nyingi ziko kwa lugha hiyo. Maelezo ya darasani unaweza kuyatoa kwa Kiswahili, Dholuo au Luhya pale mwanafunzi anapokwama. Nyenzo yenyewe haikuzuii.

Anza na mtaala

Pakua mwongozo wa mtaala wa gredi yako kutoka tovuti ya KICD, taasisi inayotunga mitaala ya Kenya, kicd.ac.ke. Humo kuna mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji na maswali dadisi. Soma tarehe kwenye jalada. Mitaala ilipunguzwa na kupangwa upya baada ya sekondari msingi kuanza, na matoleo ya zamani bado yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwalimu anayetumia la zamani hujikuta anatafuta nyenzo za mada iliyohamishiwa gredi nyingine. Ukiwa umeingia, pitia pia Kenya Education Cloud, kec.ac.ke, ambapo KICD huweka maudhui ya kidijitali ya gredi mbalimbali.

Kwa sekondari pevu, kuwa makini na jina la somo. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na kuna hisabati za aina mbili: ile kamili ya wanafunzi wa mkondo wa sayansi na teknolojia, na ile inayoitwa "Essential Mathematics" ya mikondo mingine. Faili iliyoandikwa tu "Grade 10 Maths" inaweza kuwa ya yoyote kati ya hizo, au hata ya Afrika Kusini, ambako pia wana Gredi ya 10.

Wanafunzi wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu unaoondoka, bado wako nasi hadi mtihani wa KCSE wa 2027. Kwa hao kuna njia ya haraka ya kupima mtihani wa majaribio uliookotwa mtandaoni. Hisabati ya KCSE, yenye namba 121, ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya jumla ya alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane ya alama 10 kila moja, na mwanafunzi huchagua matano. Jumlisha alama za mtihani uliopata. Zisipofika 100 kwa mpangilio huo, aliyeutunga hakuwa makini, na huenda hata majibu yake hayakuangaliwa. Na yeyote anayekuuzia "karatasi halisi" ya mwaka huu kwenye Telegram ni mwizi au ni tapeli. Ondoka hapo, na uwaonye wanafunzi wako mapema, kabla hawajatuma pesa za wazazi.

Jinsi ya kuiuliza Google

Alama nne zinatosha.

Alama za kunukuu hushikilia maneno pamoja: "completing the square" huleta kurasa zenye maneno hayo yakifuatana, badala ya kila ukurasa wenye neno "square".

filetype:pdf huleta faili za kuchapishwa. site: hutafuta ndani ya tovuti moja, kwa mfano site:kicd.ac.ke mathematics grade 8. Alama ya kutoa hufuta usichotaka: ukiona matokeo yamejaa picha za Pinterest, malizia na -pinterest.

Kosa la kawaida ni kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Ukiandika site: kicd.ac.ke, Google huchukulia yote kuwa maneno ya kawaida na unapata takataka. Nafasi ni kabla ya alama, kamwe si baada yake.

Ongeza pia neno linalotaja aina ya kitu unachotaka. "Task" na "activity" huleta shughuli za kufanya, "worksheet" huleta mazoezi, "misconception" huleta makosa na tiba yake, "marking scheme" huleta miongozo ya kusahihisha. Anayeandika "notes" ataletewa muhtasari wa kunakiliwa ubaoni, na muhtasari tayari uko kwenye kitabu.

Maneno yanayopoteza walimu

Nyenzo nyingi za bure zinatoka Marekani, na Wamarekani hawaiti vitu kama tunavyoviita katika shule za Kenya. Ukitafuta kwa jina letu pekee, unakosa nusu ya hazina. "Gradient" kwao ni "slope". "Indices" ni "exponents", "surds" ni "radicals", "factorise" ni "factor", na HCF ni GCF au GCD. BODMAS, kifupi cha mpangilio wa kufanya hesabu, kwao ni PEMDAS, na hapo kuna mtego: herufi za kugawanya na kuzidisha zimebadilishana nafasi, kwa hivyo mwanafunzi anayeona zote mbili hudhani kanuni zinapingana. Haziko hivyo. Kugawanya na kuzidisha vina uzito sawa na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia, na kujumlisha na kutoa vilevile.

Mawili yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. "Trapezium" yetu, yenye pande mbili sambamba, wao huiita "trapezoid". Neno "trapezium" likitumika kwao, humaanisha umbo la pande nne lisilo na pande sambamba hata moja. La pili ni "standard form". Kwetu ni kuandika 45,000 kama 4.5 × 10⁴. Kwao hilo ni "scientific notation", na "standard form" mara nyingi ni namba ya kawaida, 45,000 yenyewe. Mwanafunzi akitazama video bila kuonywa atajifunza kinyume cha kile kitakachosahihishwa kwenye mtihani wake.

Vitabu vya Afrika Kusini, kama vile vya Siyavula ambavyo ni vya bure na vimeandikwa kwa uangalifu, viko karibu nasi zaidi kwa mtindo. Ila Afrika Kusini huandika desimali kwa koma: 2,5 ni mbili nukta tano. Kabla ya kuchapisha, badilisha koma zote kuwa nukta, la sivyo mwanafunzi atasoma 3,142 kuwa elfu tatu mia moja arubaini na mbili.

Kuna mada ambazo huwezi kuzipata Marekani hata ukikesha. Logarithimu kwa jedwali la tarakimu nne, zile zenye mstari juu ya namba ya mbele, ni mojawapo. Kwa hizo tumia vitabu na karatasi za Kenya, au nyenzo za zamani za Uingereza.

Pima kabla ya kupenda

Nyenzo yenye rangi nzuri haina uhusiano wowote na nyenzo sahihi. Ukipata karatasi ya mazoezi yenye majibu, fanya maswali matatu mwenyewe kwa kalamu: la kwanza, la katikati na la mwisho. La mwisho lina umuhimu wa pekee kwa kuwa makosa ya majibu hujificha huko, mtungaji akiwa amechoka. Majibu mawili kati ya matatu yakiwa na shida, acha faili hiyo. Likiwa moja, fanya maswali yote au uiache pia.

Kisha angalia thamani ya π. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 lina mzingo wa 62.8 ukitumia 3.14, 62.84 ukitumia 3.142, na takriban 62.86 ukitumia 22/7. Wanafunzi 60 wakipata jibu tofauti na la karatasi, watadhani hawajui, ilhali tofauti iko kwa π tu. Andika thamani ya π juu ya karatasi.

Kwa video, sikiliza kanuni inayotolewa na uijaribu kwa mfano unaoivunja. Mwalimu wa video akisema "kuzidisha kwa 10, ongeza sifuri mwishoni", jaribu 2.5. Ukiongeza sifuri unapata 2.50, na hujazidisha chochote. Kanuni ya aina hiyo hufurahisha Gredi ya 3 na kuleta maafa Gredi ya 6. Michoro ya sehemu nayo ikaguliwe kama vipande vina ukubwa sawa kweli. Duara lililokatwa kwa mistari ya wima iliyo sambamba halina robo nne, hata kama lina vipande vinne.

Programu za akili bandia zinaweza kukutungia maswali 20 ya maneno kwa dakika moja, na hilo ni msaada mkubwa kwa mwalimu mwenye mikondo minne. Zipe mipaka: gredi, mada ndogo, ukubwa wa namba, na kwamba jibu liwe namba nzima. Halafu fanya kila swali mwenyewe, kwa sababu hukosea hesabu huku zikieleza kwa ufasaha kabisa. Usizitegemee kabisa kwa michoro ya jiometria: pembe iliyoandikwa 40° inaweza kuchorwa ikiwa 70°.

Zana zinazostahili nafasi kwenye simu yako

GeoGebra ni ya kwanza, na kama una nafasi ya programu moja tu, iwe hiyo. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter huko Austria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni ya bure kwa walimu, na programu ya simu ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti.

Jaribu mlinganyo wa mstari. Andika y = m x + c, ukiacha nafasi kati ya m na x ili programu isome kuzidisha. Itakutengenezea vitelezi viwili, cha m na cha c, kila kimoja kikienda kutoka -5 hadi 5. Sogeza c pekee: mstari unapanda na kushuka bila kubadilisha mwinamo. Sogeza m pekee: mstari unazunguka kwenye pointi ileile ya mhimili wa y. Acha m ipite sifuri polepole, wanafunzi waseme wanachoona kabla hujasema wewe. Kinachoharibika hapa ni kipimo cha mihimili. Ukivuta skrini kwa vidole, mhimili mmoja unaweza kunyooka kuliko mwingine, na mstari wa m = 1 ukaonekana kama wa m = 3. Rudi kwenye mipangilio urejeshe uwiano wa 1:1.

Nadharia za duara ndipo GeoGebra inapong'aa, na ndipo inapowatatiza walimu wengi. Chora duara lenye kitovu O, weka A, B na C kwenye mzingo. Chagua zana ya pembe, bonyeza A, O, B, kisha A, C, B. Ukiona 260° badala ya 100° kwenye kitovu, hujakosea: programu hupima kinyume cha mwendo wa saa. Futa na ubonyeze kwa mpangilio wa nyuma, B, O, A, kisha B, C, A. Sasa buruta C kwenye tao kubwa. Pembe ya kitovu ni 100°, ya C inabaki 50° popote iendapo. Halafu C ikivuka kuingia tao dogo, skrini inaonyesha 230° ghafla na darasa linapiga kelele. Usifunge programu. Pembe ya ndani hapo ni 360° - 230° = 130°, nayo ni nusu ya 260°, ile pembe kubwa ya upande wa pili wa kitovu. Nadharia imesimama palepale. Na 130° na 50° zikijumlishwa zinatoa 180°, kwa hivyo umeshafika kwenye umbo la pande nne lililo ndani ya duara (cyclic quadrilateral) bila kubadilisha mchoro. Mwalimu aliyefanya zoezi hili jioni iliyotangulia ataitumia ile 230° kufundisha. Asiyelifanya atasema programu imeharibika.

Kwa grafu za trigonometria, andika alama ya nyuzi kila mara. GeoGebra ikiandikiwa sin(30) bila alama hiyo huchukua 30 kuwa radiani na kutoa takriban -0.988. Andika sin(30°) upate 0.5, na kwa grafu andika y = 2 sin(x°), kisha nyosha mhimili wa x ufike 360. Desmos, ambayo ni nyepesi zaidi kwa grafu na huanza haraka kwenye kivinjari, ina tatizo hilohilo. Huko fungua alama ya spana ubadilishe radiani kuwa digrii.

PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ina maigizo ya kuchezea: sehemu, eneo, mizani ya milinganyo, grafu za mistari, uwezekano. Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo kubwa kwa shule isiyo na mtandao ni kwamba igizo moja hupakuliwa kama faili moja ya HTML ya megabaiti chache, ukalifungua kwenye kivinjari bila data. Lile la mizani ya milinganyo linafaa sana kwa mwanafunzi anayegeuza 2x + 3 = 11 kuwa 5x = 11. Akiondoa vitatu upande mmoja tu, mizani inainama mbele ya macho yake.

NRICH ya Chuo Kikuu cha Cambridge ni ya maswali ya kufikiri, yanayoanza chini na kupanda juu. Nzuri kwa klabu ya hisabati na kwa wanafunzi wanaomaliza haraka. Polypad ni ya vipande vya sehemu na maumbo. Kwa walimu wa msingi, TESSA ina shughuli za hisabati zilizoandikwa kwa madarasa ya Afrika yenye wanafunzi wengi na vifaa vichache, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro ni miongoni mwa vilivyoshiriki kuiandaa.

Ukikutana na ukurasa wa zamani unaodai uweke Flash, uache. Flash, programu ya zamani ya kuendesha michoro kwenye kivinjari, ilikoma mwishoni mwa 2020 na kuiweka sasa si salama.

Badilisha mifano, lakini kwa akili

Swali la dola na maili halifai kubadilishwa jina tu. Mkate wa dola 2.50 ukiuita mkate wa shilingi 2.50, mwanafunzi wa Kondele atacheka na kuacha kukuamini. Ukibadilisha bei, fanya hesabu upya uone kama jibu bado linagawanyika vizuri. Tumia gorogoro la mahindi, debe, nauli ya matatu, ekari ya miwa. Kwa mwendo, kutoka Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni takriban kilomita 185. Usitunge matatu inayofika kwa saa moja, kwa sababu darasani kuna waliosafiri.

Kuna data za kweli zinazozidi za kitabu. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, limeweka ripoti za sensa ya 2019 kwenye tovuti yake bila malipo. Chukua kaunti nne za Magharibi: Kakamega 1,867,579, Bungoma 1,670,570, Busia 893,681, Vihiga 590,013. Jumla ni 5,021,843. Waambie wachore chati ya duara. Pembe kwa desimali moja ni 133.9°, 119.8°, 64.1° na 42.3°. Wakijumlisha watapata 360.1°, na mwanafunzi makini atauliza ile 0.1° imetoka wapi. Hakuna aliyekosea. Imetoka kwenye kukadiria: pembe zote nne zimekadiriwa kwenda juu kidogo. Wakikadiria kwa nyuzi nzima, 134, 120, 64 na 42, jumla ni 360 kamili, na protrakta yao haiwezi kupima vizuri zaidi ya hapo. Somo la kukadiria limejiingiza lenyewe ndani ya somo la takwimu. Namba za kitabu, ambazo zimepangwa zitoke 90° na 60°, haziwezi kukupa hilo.

Kwa longitudo na latitudo Kidato cha Nne, tuko mahali pa kuonewa wivu: Ikweta inapita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na inapita Nanyuki pia. Fungua Google Earth, usome longitudo za miji hiyo: takriban 34.6° na 37.1° Mashariki. Tofauti ni 2.5°, yaani maili za baharini 150, dakika 10 za saa ya jua, na takriban kilomita 278 ukitumia nusu kipenyo cha 6,370. Kisha chukua rula ya Google Earth upime. Itatofautiana kidogo na hesabu yenu kwa sababu dunia imetuna kidogo kwenye Ikweta, ambako nusu kipenyo ni karibu kilomita 6,378, na kwa sababu mmekadiria longitudo. Wanafunzi waitafute sababu hiyo wenyewe.

Bando, na shule isiyo na mtandao

Video ya dakika 10 kwa ubora wa 360p hula takriban megabaiti 30 hadi 60. Kwa 720p inaweza kupita 120. Maandishi ya ubaoni husomeka vizuri kwa 360p, kwa hivyo weka hapo kwenye mipangilio, maana YouTube ikiachwa hujichagulia yenyewe kulingana na mtandao.

Ikiwa shule ina kipakatalishi kimoja na vishikwambi kadhaa, weka Kolibri. Ni programu ya bure inayogeuza kipakatalishi kuwa maktaba. Iweke mahali penye mtandao mzuri, uingize mada za Khan Academy unazohitaji tu. Usichague chaneli nzima: ni makumi ya gigabaiti, na upakuaji utakatika katikati. Shuleni washa hotspot ya kipakatalishi, vishikwambi viungwe humo, kisha kwenye kivinjari chao andika namba ya IP ya kipakatalishi ikifuatwa na :8080. Ukurasa usipofunguka, mara nyingi kizuizi ni ukuta wa usalama wa Windows. Iruhusu Kolibri unapoulizwa mara ya kwanza. Vishikwambi vya mradi wa serikali ulioanza 2016 vinaweza kutumika hapa, ilimradi betri bado zinashika chaji na kivinjari si cha zamani mno.

Kiwix ni ndugu yake, ya Wikipedia na tovuti nyingine zilizofungwa kwenye faili za ZIM. Faili hizo hupita GB 4 kwa urahisi, na kadi ya kumbukumbu iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja kubwa kuliko hapo. Utaona nakala ikigoma eti nafasi imejaa ilhali kadi iko tupu. Iandae upya kwa exFAT, ukikumbuka kuhamisha picha zako kwanza.

Na kama kilichopo ni simu yako tu mbele ya wanafunzi 60, usiizungushe darasani. Fanya kazi na GeoGebra usiku, chagua hatua tatu za mchoro, uzichore kwa makapeni kwenye karatasi tatu za manila. Wanafunzi watabiri ya pili kabla hujaifunua.

Saiba

Geuza kila kitu kuwa PDF kabla ya kutoka nyumbani. Faili ya Word yenye milinganyo ikifunguliwa kwenye mashine ya saiba, vipeuo na vipeo hugeuka visanduku vitupu. Mchoro wa rangi ukitolewa kwa nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani huwa kijivu kimoja. Badilisha rangi ziwe mistari na vitone.

Kwa mada ya kuchora maumbo kwa rula na bikari, mwambie mhudumu achapishe kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Mashine nyingi zimewekwa zipunguze ukurasa utoshee karatasi, na mstari wa sentimita 6 hutoka ukiwa 5.7. Toa nakala moja, pima kwa rula palepale, ndipo utoe 60.

Kushiriki na wenzako

Tafuta herufi za leseni chini ya ukurasa. CC BY inakuruhusu kunakili na kubadilisha ukimtaja mwenyewe. NC inakataza kuuza, ND inakataza kubadilisha, SA inataka toleo lako liwe na leseni ileile. Pasipo leseni yoyote, tuma kiungo, usitume faili.

Jina la faili liseme kilichomo: G7_sehemu_kujumlisha_kosa-la-2-kwa-5. Faili iitwayo "maths final new 2" haitapatikana tena na yeyote, hata wewe.

Na ukiomba kwenye kundi la walimu, omba kwa namna inayojibika. "Naomba notes za Grade 8" hupata kimya, au hupata faili 14 zisizofaa. Hii hujibiwa: "Habari za jioni walimu. Nina Gredi ya 8, milinganyo ya mstari. Wanafunzi wangu wakihamisha namba upande wa pili hawabadilishi alama. Nimejaribu mizani ya PhET, wameelewa kwa namba chanya, wamekwama kwenye hasi. Mwalimu aliyewahi kulitatua hili, alitumia nini?"